Aliyeruti Ndiye Atakayesasisha

Kwenye meza za mafundi simu za Maili Moja, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, shida za wateja hufanana kutwa nzima. Huyu kioo kimepasuka, yule simu haipokei chaji, mwingine amesahau mchoro wa kufungulia. Mara mojamoja hutokea mwenye ombi tofauti: anataka simu yake irutiwe. Amesikia kwa rafiki kwamba akishapata ruti ataondoa programu zilizokuja na simu kutoka kiwandani, atazuia matangazo yanayomlia bando, na ataipangia betri ikome kupokea chaji ikifika asilimia 80 ili idumu. Yote hayo ni kweli. Asichouliza, na fundi mara nyingi hamwambii, ni nini kitatokea siku simu itakapomletea ujumbe kwamba kuna sasisho jipya la mfumo.

Mwandishi wa makala haya alikaa kwenye meza ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, kwanza akiwa mwanafunzi wa fundi aliyemzidi umri, baadaye akiwa na kiti chake. Kazi za vioo na chaji alizifanya kama wenzake wote. Iliyomkaa moyoni ni hii ya kusasisha simu zilizorutiwa bila kuipoteza ruti, kwa sababu ndiyo iliyomwonyesha wajibu wa fundi unaishia wapi. Kuruti simu ni kazi ya dakika. Kuitunza baada ya hapo ni kazi ya umri wote wa simu, na kwa maoni yake mzigo huo ni wa yule aliyeiruti, hata kama mteja alishalipa na kuondoka.

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na Linux ina mtumiaji mmoja mwenye mamlaka juu ya kila kitu, anayeitwa root; kuruti ni kujitwalia mamlaka hayo. Tangu simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilipoingia sokoni mwaka 2008, watengenezaji wamekuwa wakimkabidhi mnunuzi simu bila kumkabidhi mamlaka hayo. Wana sababu ya maana: programu yenye ruti inaweza kusoma ujumbe, kufungua faili za programu nyingine na kujificha isionekane.

Mnunuzi naye ana sababu zake. Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream na chombo cha habari cha BuzzFeed News walieleza jinsi simu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilivyokutwa na programu hasidi, Triada na xHelper, zilizowaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema tatizo liliingizwa na msambazaji mmoja njiani, kabla simu hazijamfikia mteja. Programu iliyokaa ndani ya sehemu ya mfumo namna hiyo haiondoki hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani. Kuing'oa kunahitaji sasisho kutoka kwa mtengenezaji, au kufleshi, yaani kuuandika mfumo wote upya, au ruti. Kwa hiyo anayetaka kuitawala simu yake anahitaji ruti, anayetaka simu salama anahitaji sasisho, na kwa miaka mingi kimoja kilikuwa kikimfukuza mwenzake.

Miaka ya 2014 hadi 2016 ndiyo ilikuwa miaka ya programu ya KingRoot na nyingine za aina yake. Mtu alibonyeza kitufe kimoja, programu ikatafuta udhaifu kwenye mfumo, ikapenya, kisha ikaandika faili linaloitwa su ndani ya sehemu ya mfumo. Mteja aliondoka akitabasamu. Baada ya muda alirudi na simu mkononi: ilipakua sasisho, ikajizima, ikawaka, ikamwonyesha yule roboti wa kijani wa Android amelala chali, kifua kimefunguka, na juu yake pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Ukizima na kuwasha, simu inarudi kama ilivyokuwa, toleo lilelile la zamani. Kesho yake inapakua tena sasisho lilelile, inagoma tena palepale, na bando limekwisha.

Sababu ya kugoma inafaa kueleweka, maana ndani yake ndimo lilimo jibu. Zamani sasisho la Android lilipita kwenye faili mojamoja. Kuanzia Android 5.0, iliyotoka mwaka 2014, Google iliruhusu na kuhimiza njia nyingine: sasisho linaitazama sehemu nzima ya mfumo kama kipande kimoja kikubwa cha data, linakilinganisha na kile kilichotoka kiwandani, na likikuta tofauti ya biti moja tu linakataa. Si lazima mtu awe amefuta programu. Kuifungua sehemu hiyo mara moja kwa ruhusa ya kuandika kunabadilisha taarifa ndogo inayotunza habari za lini ilifunguliwa mara ya mwisho, na hiyo peke yake inatosha. Mteja aliyeruti kwa kitufe kimoja na kung'oa programu alizozichukia alikuwa ameufunga mlango wa masasisho madogo bila kujua.

Na masasisho madogo ndiyo yanayomfaa mtu wa Kibaha au Kisarawe. Sasisho la kawaida hubeba tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, megabaiti makumi au mia kadhaa. Faili zima la simu hufika gigabaiti mbili au tatu. Kwa anayenunua bando la siku, hapo pana pesa. Mafundi walisubiri bando la usiku ili kushusha mafaili hayo, na hakuna aliyethubutu kufleshi kwa kompyuta isiyo na betri nzima, kwa kuwa umeme ukikatika data ikiwa nusu njiani, simu inaweza isiwake tena.

Njia ya mkato ya wakati ule ilikuwa kuifleshi simu yote. Kwa simu za bei nafuu zenye chipu ya MediaTek, mafundi walitumia programu ya SP Flash Tool. Unaipa faili la scatter, linaloeleza kila sehemu ya kumbukumbu inaanzia wapi. Unachomeka simu ikiwa imezimwa. Mistari ya rangi inatembea chini ya dirisha. Mwisho inatokea alama ya vema ya kijani. Programu hiyo ina chaguo tatu, na moja kati yake, Format All + Download, hufuta kila kitu kabla ya kuandika, pamoja na sehemu inayoitwa NVRAM, ambamo IMEI, namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao, hutunzwa.

Siku moja mama mmoja mfanyabiashara alileta simu iliyokuwa imepita kwenye meza ya mtu mwingine. Ilikuwa inawaka vizuri, mfumo mpya, picha zinapendeza, lakini haikushika mtandao. Alipobonyeza *#06#, simu ilijibu kwamba IMEI si sahihi. Yule fundi mkubwa aliitazama, akamuuliza kama aliyeifleshi alichukua nakala ya NVRAM kwanza. Hakuchukua. Fundi akaiweka simu mezani taratibu, akamwambia, "Mama, hii siwezi kuiandikia namba. Nikikuandikia, nimekutafutia kesi." Mama aliondoka na simu ya kusikilizia muziki.

Hakuwa anamtisha. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu zote zenye IMEI bandia, baada ya kuwahimiza wananchi kwa miezi kadhaa wahakiki simu zao kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090. Na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahesabu kubadilisha IMEI kuwa kosa. Mwenye nakala ya NVRAM ya simu ileile huirudisha ilivyokuwa, kazi ikaisha. Asiye nayo hushawishika kuandika namba kwa mkono, na hapo anachezea sheria kwa simu ya mtu mwingine. Tangu siku ile, kwenye meza ile, nakala ilichukuliwa kabla ya kitu kingine chochote, na mteja alipewa yake kwenye kadi ya kumbukumbu. Wateja wengi hawakuelewa wapewe ya nini. Walipewa hivyohivyo.

Mambo yalianza kubadilika mwaka huohuo wa 2016, kijana wa Taiwan aitwaye John Wu, anayejulikana mtandaoni kama topjohnwu, alipotoa Magisk. Wazo lake ni jepesi kulieleza: usiiguse sehemu ya mfumo kabisa. Badilisha boot.img peke yake, faili dogo la megabaiti makumi ambalo simu hulisoma mwanzo kabisa inapowaka na ambalo limebeba kiini cha mfumo. Kutoka hapo Magisk inauonyesha mfumo mabadiliko yote unayoyataka, programu imeondolewa au faili limeongezwa, wakati kwenye kumbukumbu yenyewe sehemu ya mfumo imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Sasisho likija, unarudisha boot.img ya asili, nalo likikagua halikuti kasoro. Mwaka 2021 Wu aliajiriwa na Google katika timu ya usalama wa Android, na Magisk ikaendelea kuishi.

Mwaka 2016 pia ndio uliokuja na Android 7.0 na utaratibu wa pande mbili, A na B. Simu yenye utaratibu huo ina nakala mbili za sehemu za mfumo. Ukiwa unatumia upande A, sasisho linajiandika kimyakimya upande B, kisha ukizima na kuwasha unaamkia B. Kwa mwenye ruti, utaratibu huo una dakika chache za thamani: sasisho limekwisha kuandikwa, simu bado haijazimwa, na ruti ya upande wa zamani bado inafanya kazi.

Mwandishi alizizoea dakika hizo kwa mwalimu mmoja wa Kisarawe. Kibaha na Kisarawe ziko mkoa mmoja wa Pwani, lakini msafiri wa daladala hulazimika kuingia Dar es Salaam kwanza, Mbezi, kisha Gongo la Mboto, Pugu, halafu kuupanda mlima pembeni ya msitu wa Pugu hadi Kisarawe mjini. Mwalimu alikuwa na Pixel 4a, simu ya Google iliyotoka mwaka 2020, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Alibahatika kupata isiyofungwa, maana zile zilizouzwa Marekani na Verizon haziruhusu butiloda, programu inayouwasha mfumo, ifunguliwe, na bila hilo hakuna cha Magisk. Alitaka ruti kwa mambo mawili: kuzuia matangazo na kuidhibiti chaji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Simu inanidai sasisho tangu wiki iliyopita. Sijaigusa, nilikusubiri wewe."

Kazi ilifanyika mezani sebuleni, bila kompyuta. Kwanza walizima moduli zote za Magisk, yaani nyongeza zinazobadilisha mfumo, kwa sababu moduli ya toleo la zamani inaweza kuifanya simu iwake na kujizima bila kikomo. Kisha ndani ya Magisk wakachagua kuiondoa, lakini kwa njia ya kurudisha faili za asili tu, na simu isizimwe. Wakaenda kwenye mipangilio, wakaruhusu sasisho, na kusubiri. Mwalimu alileta chai. Mstari ulipofika mwisho, simu ikaomba kuzimwa na kuwashwa, na mkono wa mwalimu ukaelekea kwenye kitufe.

"Hapana, mwalimu, bado. Tukizima sasa, utaamkia upande mpya usio na ruti. Turudi kwanza kwenye Magisk, tuisimike kwenye upande usiotumika."

Wakarudi, wakachagua kusimika upande wa pili, na ndipo simu ikazimwa kutoka ndani ya Magisk yenyewe. Ilipowaka, toleo lilikuwa jipya na ruti ipo. Moduli ziliwashwa moja baada ya nyingine, kila moja ikijaribiwa kabla ya kugusa inayofuata.

Hata kama mwalimu angebonyeza, asingepoteza picha wala namba za watu. Angepoteza ruti tu, na kuirudisha kungehitaji kompyuta. Anayetaka kuepuka safari ya Kibaha kwa jambo hilo ajue kwamba mpangilio wa hatua ndio kazi yote. Na jambo moja halirekebishiki kwa chai: kufungua butiloda kwa mara ya kwanza hufuta kila kilichomo kwenye simu, kwa hiyo nakala za picha na ujumbe huchukuliwa kabla.

Simu zisizo na pande mbili zina njia ndefu zaidi. Inatafutwa boot.img ya toleo jipya lenyewe, herufi kwa herufi na namba kwa namba, inafanyiwa kazi na Magisk ndani ya simu, sasisho linawekwa boot ya asili ikiwa imerudishwa, kisha faili lililofanyiwa kazi linaandikwa kwa kompyuta kupitia fastboot. Boot ya toleo la jirani inaweza kuwaka na kuacha Wi-Fi haifanyi kazi, au simu ikaganda kwenye nembo. Simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi kwa kawaida zinadai init_boot.img badala yake. Samsung wana programu yao ya kufleshi, Odin, na faili la AP, na hapo asiyechagua faili la HOME_CSC hujikuta amefuta data zote. Tena kwenye Samsung, kuweka programu isiyo rasmi kunachoma alama ndani ya Knox, mfumo wao wa usalama, na alama hiyo hairudi tena, na huduma kama Secure Folder hupotea nayo. Fundi anayemruti mtu Samsung bila kumwambia hilo amemdhulumu.

Halafu kuna pesa. Siku hizi programu nyingi za benki hukagua simu kwa huduma ya Google ya Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, na zikiona butiloda imefunguliwa hukataa kufunguka. Wapo wanaohangaika kuificha hali hiyo, na kila Google inapokaza, wanaanza upya. Mwandishi hakuwahi kumfanyia mteja kazi hiyo. Aliwaambia waendelee na menyu ya simu: M-Pesa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, ambako hakuna anayekagua ruti. Aliwaambia pia wasitoe ruhusa ya ruti kwa programu wasiyoijua, maana yenye ruhusa hiyo inaweza kuusoma hata ujumbe wenye namba ya siri ya muda kutoka benki. Mteja ambaye kazi yake yote iko kwenye programu ya benki alishauriwa asiruti kabisa, na wachache walishukuru.

Kuna wanaomaliza mjadala kwa kuzima masasisho moja kwa moja. Haifai. Julai 2015 ilibainika kwamba udhaifu ulioitwa Stagefright ungeweza kumruhusu mtu kuishambulia simu kwa ujumbe wa picha tu, na kuanzia Agosti mwaka huo Google ikaanza kutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi. Kila taarifa hutaja udhaifu uliozibwa, na kila anayetaka kushambulia simu zisizosasishwa huisoma pia. Simu iliyorutiwa na kuachwa miaka miwili bila sasisho iko katika hatari zaidi kuliko ya jirani ambayo haikuguswa kamwe.

Agosti 2023 masasisho ya kawaida ya Pixel 4a yalifika ukomo. Hapo butiloda iliyofunguliwa ikawa na faida ambayo mwalimu hakuinunulia: simu yake ingeweza kuhamia LineageOS, mfumo wa Android unaotunzwa na watu wa kujitolea, ambao unaitambua Pixel 4a rasmi na hutoa toleo jipya kila wiki. Picha na ujumbe vilihamishiwa kwenye kompyuta, simu ikafutwa, mfumo mpya ukawekwa, boot.img yake ikafanyiwa kazi na Magisk. Kwa kuwa kila sasisho la LineageOS ni faili zima, walikubaliana asasishe mara moja kwa mwezi. Hatua ni zilezile za pande mbili, na sasa anazifanya mwenyewe.

Januari 2025 ikaja habari iliyowashtua wenye simu hizo duniani. Google ilitoa sasisho la ghafla kwa Pixel 4a, linalojiweka lenyewe, ambalo kwa simu zilizoguswa lilipunguza uwezo wa betri na kasi ya chaji. Simu ya mwalimu, ikiwa kwenye LineageOS, haikulipokea. Alipiga simu Kibaha akiwa na furaha kwamba amekwepa.

Mwandishi hakumruhusu aishie hapo. Mfumo ulikuwa mwingine, lakini betri ilikuwa ileile ya mwaka 2020, na ruti iliyompa mwalimu uwezo wa kuidhibiti chaji haikuwa imeizuia kuzeeka. Alimwomba akague kama imevimba: kioo kimenyanyuka pembeni? Mgongo unakuwa moto ikiwa kwenye chaji? Pembeni palikuwa sawa, lakini mgongo ulikuwa ukipata moto. Mwalimu akaambiwa asiilaze tena na chaji usiku, na Jumamosi iliyofuata alishuka Maili Moja, akakaa kwenye kiti cha mteja, na betri mpya ikawekwa.